Siku ya Kuzaliwa Isiyoweka Mikarafuu Rehani

Wanachama wapenzi,

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza nanyi juu ya kupalilia, kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika. Leo twaomba ruhusa tupige hodi tuingie uani. Pengine mmoja wenu atasema, "Katibu amekosa la kuandika! Sherehe ya mtoto na karafuu zinahusiana nini?" Zinahusiana sana, ndugu zetu, na aliyekaa na daftari la madeni mbele yake, kama tukaavyo sisi, huuona uhusiano huo bila ya miwani.

Siku hizi watoto wetu wanataka washerehekewe siku waliyozaliwa. Wameona kwa jirani, wameona katika simu, wamesikia kwa wenzao skuli. Hatuwalaumu. Mtoto kutaka kufurahiwa si kosa. Kosa liko kwetu sisi wazee, tunaodhani kuwa furaha hupimwa kwa idadi ya viti vilivyokodiwa na urefu wa keki iliyotoka mjini. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Nasi twaona kuwa wapo wanaokopa siku ya kuzaliwa na kulipa kwa msimu mzima.

Lililotupata sisi

Mwenye kutoa nasaha na aanze nyumbani kwake. Binti yetu alipotimiza miaka saba, tuliona haya mbele ya majirani, kwani wiki mbili kabla palikuwa na sherehe kubwa nyumba ya pili. Basi tukakodi viti themanini, na spika mbili zenye sauti ya kuamsha mtaa. Tukaagiza keki ya ghorofa tatu, na soda kreti kwa kreti. Fedha hatukuwa nazo. Tukachukua vitu dukani kwa kuandikiwa, na zilizobaki tukazipata kwa kuuza karafuu za mikarafuu minane, nazo zingali changa mtini.

Keki ilifika imepasuka katikati kwa safari na joto. Spika zilifika jua limekwisha kuinama. Watu wazima walikaa katika viti wakisema habari zao, na watoto, ambao siku ilikuwa yao, walifukuzwa wasichafue nguo za kupigiwa picha. Usiku tulipomwuliza binti yetu kilichompendeza, alijibu, "Bibi aliponisonga nywele chini ya mwembe akanihadithia siku niliyozaliwa." Bibi yake hakutumia hata senti moja.

Ulipofika wakati wa kuchuma, Mwenyezi Mungu alituneemesha, karafuu zilikuwa nyingi. Lakini kutoka katika ile mikarafuu minane, tulisimama tukatazama pakacha baada ya pakacha zikienda katika jamvi la mtu mwingine. Aliyenunua hakutudhulumu, bei tuliikubali kwa mdomo wetu. Anunuaye karafuu changa hununua na hatari yake pia: mvua, upepo, maua kupukutika, kwa hiyo hutoa bei ya chini, naye ana haki. Asiye na haki ni yule aliyeuza chakula cha mwaka kwa ajili ya alasiri moja, na mtu huyo alikuwa ndiye sisi.

Wala jambo hili si la leo. Wazee wetu wa miaka ya 1930 walikuwa wamebanwa na madeni hata mashamba mengi yakawa rehani, na mwaka 1934 ilibidi itungwe sheria ya kuzuia mashamba yasiwatoke wenyewe kwa ajili ya madeni. Sheria zinapita na serikali zinapita, lakini deni halijabadilika tabia: huingia likicheka, hutoka likilia na mtu.

Si jambo geni kabisa

Wako watakaosema kuwa kusherehekea kuzaliwa si desturi yetu. Kwa upande wa keki na mishumaa, ni kweli. Haya tuliyaona kwa wengine. Lakini kufurahia kiumbe kilichotujia ni desturi yetu ya zamani. Mtoto akizaliwa huadhiniwa. Siku ya saba hufanyiwa akika, akanyolewa, akapewa jina. Siku ya arobaini mama hutoka na nyumba hufukizwa udi. Juu ya siku ya kuzaliwa ya kila mwaka masheikh wana kauli zao, na kila mmoja wenu na amwulize sheikh wake. Si kazi ya katibu wa wakulima kutoa fatwa. Sisi twasema tu kwamba kukusanya watoto, kuwalisha, kuwaombea dua na kuwachekesha ni jambo jema siku yoyote. Asiyependa kuliita siku ya kuzaliwa, na aliite karamu ya watoto, au khitima ya juzuu, kwa mtoto aliyemaliza juzuu chuoni.

Tena wazee wengi wa kisiwa hiki hawajui tarehe waliyozaliwa. Ukimwuliza, atakwambia, "Nilizaliwa mwaka wa karafuu nyingi," au, "Mama alishikwa na uchungu siku ya kuanua majamvi kwa mvua." Hizo nazo ni tarehe, na kwa mkulima ni tarehe tamu kuliko zilizoandikwa katika cheti.

Pima kwa karafuu

Hapa ndipo penye kiini cha nasaha yetu. Kabla ya kutoa shilingi yoyote, gharama ya sherehe ipime kwa kilo za karafuu kavu. Kumbukeni kuwa kilo moja kavu hutokana na kilo tatu hivi za karafuu mbichi, na kwamba ndani yake mna karafuu maelfu, ambazo kila moja imepita mkononi: imechumwa, imechambuliwa, imeanikwa na kugeuzwa kwa siku tatu au zaidi za jua zuri. Mwambie mtoto mkubwa, "Viti hivi ni kilo kadhaa, spika hizi ni kilo kadhaa." Utashangaa jinsi atakavyokuwa wa kwanza kusema, "Baba, tutandike mikeka."

Sisi nyumbani kwetu tumejiwekea mpaka: sherehe ya mtoto isizidi thamani ya kilo mbili kavu, na fedha hizo ziwe zimekwisha wekwa kabla. Zinawekwaje? Haba na haba hujaza kibaba. Akina mama wengi wamo katika upatu. Mkono mmoja wa mwaka unatosha kwa watoto wote wa nyumba. Na nyumba yenye watoto wanne si lazima ifanye karamu nne. Wakusanye waliozaliwa katika miezi ya karibu, wawe na siku moja; ama mtoto mmoja afanyiwe karamu mwaka huu, na wenzake wapikiwe chakula wanachokipenda tu, kisha zamu igeuke.

Na tarehe isitutawale. Ikiwa siku ya mtoto imeangukia katikati ya kuchuma, watu wamo mitini toka alfajiri na mama yumo katika kuchambua hadi usiku, iahirisheni. Mtoto hapotezi umri wake kwa kungoja wiki tatu.

Watoto wadogo

Kwa mtoto wa miaka miwili hadi sita, waalikeni wenzake kama umri wake na wachache zaidi; umati humtia kilio. Saa mbili za alasiri, baina ya sala ya alasiri na magharibi, zinatosha. Ngoma ya watoto haikeshi.

Pambeni kwa vitu vya nyumbani. Kamba moja kutoka nguzo hadi mwembe, ikatundikwa kanga za mama zenye rangi, hupendeza kuliko makaratasi ya dukani, na jioni kanga zinarudi sandukuni. Makuti mabichi husukwa mataji, panzi na saa za mkononi. Mzee yeyote wa kijiji anajua kusuka, na kusuka kwenyewe ni mchezo. Asumini na langilangi zitie harufu, na kijungu cha udi kiwekwe mbali na mikono midogo.

Michezo tunayo tele: ukuti, kujificha, kukimbia na limau katika kijiko, kuvuta kamba. Lakini mtu mzima mmoja awe msimamizi, tena acheze mwenyewe. Mtoto hufurahi sana anapomwona baba yake, mwenye ndevu zake, akikimbia na limau.

Watoto wa skuli

Hawa wa miaka saba hadi kumi na tatu wanapenda kushindana. Nage huchezwa kwa mpira wa matambara. Mdako kwa vijiwe. Na mashindano ya vitendawili hayagharimu kitu. Kila mtoto aje na kitendawili alichokitunga mwenyewe. Kwetu mtoto mmoja alitega: "Nimeingia jamvini na nguo ya kijani, nimetoka na nguo ya udongo, na bei yangu imepanda." Watoto wa mjini waliokuja kutembea walipewa mji, wakashindwa; wa shamba walijibu kwa sauti moja, "Karafuu!"

Mwenye siku yake apewe heshima ndogo ndogo: achague chakula, asitumwe dukani siku hiyo, avae kikuba au shada, na ahadithiwe siku aliyozaliwa. Jambo la mwisho hili msilipuuze. Nani alikwenda kumwita mkunga, mvua ilikuwa inanyesha au hainyeshi, nani alimpa jina na kwa nini. Tumeona kwa binti yetu kuwa hii ndiyo zawadi isiyovunjika.

Twaomba pia majirani wasiojiweza waalikwe kwanza, na ijulikane kuwa zawadi si lazima. Mtoto anayebaki nyumbani kwa sababu hana cha kupeleka ni aibu ya mwenye karamu.

Vijana

Kijana wa miaka kumi na tano ukimwekea mataji ya makuti atakukimbia. Mpe kazi na umpe imani. Mwambie, "Siku hii ni yako, fedha ni hizi, waalike wenzako sita." Atajifunza kupanga, somo litakalomfaa siku atakapokabidhiwa shamba. Dhumna, keram na karata zinatosha kuwakesha. Na kwa wenye akili ya kuhesabu liko bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo mzee mmoja akikubali kucheza na vijana watatu kwa zamu, mtasikia vicheko hadi barabarani. Mabinti watataka hina na kupambana; hina ikitwangwa nyumbani ikatiwa limau haina gharama ya kumtia mtu deni.

Wazee

Twaandika sehemu hii kwa uchungu kidogo, kwani wazee ndio tunaowasahau. Hufanyiwa mkusanyiko mkubwa siku ambayo hawana tena masikio ya kutusikia. Wali hupikwa masufuria, na watu wakasema mema ambayo marehemu angeyapenda sana kuyasikia mwaka mmoja nyuma.

Ikiwa mzee hajui tarehe yake, mchagulieni. Siku njema ni ile kabla ya kufungua kuchuma, watoto wa mjini na wa ng'ambo wanaporudi shamba. Wajukuu wamzunguke. Kahawa ya mkaa iwepo, na halwa ya Wete ratili moja, maana mzee hali nyingi. Asomewe dua na yeye yupo, aitikie "amin" mwenyewe. Kisha aulizwe: mkarafuu huu nani aliupanda? Mpaka wetu na fulani ulipita wapi? Mama yake alitoka kijiji gani? Mjukuu mmoja aandike katika daftari, mwingine ashike sauti yake katika simu. Katika ofisi hii tumeona magomvi ya mipaka yaliyochukua miaka, ambayo kikombe kimoja cha kahawa na mzee aliyekwisha kufa kingeyamaliza.

Chakula

Hakuna haja ya pilau la mbuzi kila mwaka. Kwa watoto thelathini, muhogo wa nazi sufuria moja, bajia, katlesi za viazi, visheti na kashata za nazi zinawatosha na kubaki. Matunda yafuateni kwa msimu wake: maembe, machungwa, shokishoki, mafenesi. Badala ya soda, fanyeni sharubati ya ukwaju: ukwaju urowekwe, uvurugwe, uchujwe, utiwe sukari na tangawizi kidogo.

Na badala ya keki ya kuagiza, upo mkate wa kumimina, ambao mabibi zetu waliupika bila ya jiko la umeme. Chukua mchele vikombe 2, uoshe, uroweke usiku kucha, uchuje maji. Usage laini kabisa pamoja na tui zito kikombe 1, hamira kijiko cha chai 1 na iliki. Uache uumuke hata uzidi kiasi mara mbili. Tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai 1, koroga polepole. Paka sufuria mafuta, ipate moto, mimina. Moto wa chini uwe mdogo. Uonapo vitundu vinatokea juu, funika kwa kifuniko cha bati na upalie makaa juu yake hata uso uwe wa dhahabu. Mikate mitatu ikikatwa vipande kumi na viwili kila mmoja inatosha watoto thelathini, na sita kwa wapishi. Atakaye mshumaa achomeke, mkate hautakataa.

Sahani ziwe majani ya mgomba. Lakini kwa hisani yenu, wanachama, jamvi la kukalia lisiwe jamvi la kuanikia karafuu! Mafuta ya bajia yakiingia katika jamvi yataingia katika karafuu, na pale kituoni, karafuu zikishushwa daraja, msije mkasema ni karamu ya Katibu.

Zawadi

Zawadi tunayoipendekeza kuliko zote ni mche wa mkarafuu. Mnajua wenyewe kuwa mkarafuu uliotunzwa huanza kuzaa ukiwa na miaka sita hadi minane, na huweza kuishi zaidi ya miaka mia. Kwa hiyo mche uliopandwa mtoto anapotimiza mwaka mmoja utampa karafuu za kwanza yungali katika skuli ya msingi, na utamfaa akioa au akiolewa, na utamfaa mjukuu wake.

Mtoto mwenyewe apande. Mkitaka kuotesha nyumbani, mbegu ni ile karafuu iliyoachwa mtini hata ikawa tunda bivu. Ipandwe mara ile ile, kwani ikikaa siku chache ikakauka hufa. Iwekwe kivulini, imwagiwe maji. Mche ukipelekwa shambani, upandwe baina ya migomba upate kivuli, maana jua la mwaka wa kwanza limeua miche mingi kuliko mchwa. Kila mwaka, siku ya mtoto, baba na mwana waende wakaupalilie na kuupima kwa kimo cha mtoto. Mwanzo mtoto atakuwa mrefu kuliko mti, kisha watalingana, kisha mti utampita, naye atainua uso kuutazama.

Historia ya visiwa vyetu inatufundisha hayo. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Watu hawakukaa wakalia tu. Walipanda tena, na Pemba ikawa ndiyo kitovu cha karafuu za visiwa hivi hadi leo. Mengi tunayochuma yametokana na mikono ya watu ambao hatukuwaona. Ikiwa wao walipanda siku ya msiba, sisi je, tushindwe kupanda siku ya furaha?

Hitimisho

Binti yetu alipotimiza miaka minane hatukukodi kiti. Walikuja watoto kumi na mmoja, wakala mkate wa kumimina, wakavunja mtungi mmoja katika kujificha. Bibi yake alihadithia ile ile habari ya mwaka uliopita, na mtoto alimsahihisha aliposahau kuwa mvua ilikuwa inanyesha. Kabla ya magharibi tulikwenda nyuma ya nyumba tukapanda mche mahali palipokufa mkarafuu wa babu. Hesabu yote haikufika kilo mbili, na msimu ule ile mikarafuu minane ilianikwa katika jamvi letu wenyewe.

Basi, wanachama, twawaomba mjaribu. Atakayekuwa na mchezo, chakula au mpango uliomfaa nyumbani kwake, na auandike au aje ofisini atuhadithie, nasi tutauchapa katika toleo lijalo ili wengine wafaidike. Na kama yuko anayefikiria kuuza karafuu changa kwa ajili ya karamu, twamwomba apite kwanza kwetu kunywa kahawa. Hatutamcheka, kwani njia hiyo tumeipita wenyewe.

Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu, awape wazee wetu umri wenye afya, na azibariki karafuu zetu mtini, jamvini na guniani.

Wasalaam,
Katibu wenu